Gemu Bandia Tulizocheza, na Ile ya Kweli Iliyogoma

Kabatini kwangu hapa Mbeya zimo mashine kumi na nne za gemu za kaseti, na kati ya hizo ni moja tu iliyotoka katika kiwanda cha wenyewe. Kumi na tatu zilizobaki ni bandia tupu. Nyingine zina umbo la Famicom ya Nintendo, nyingine zimevishwa ganda linalofanana na Mega Drive ya Sega ilhali ndani hazina undugu wowote na Sega, na moja, ambayo naipenda kuliko zote, imeandikwa PolyStation na ina mfuniko wa diski kama wa PlayStation, lakini ukiufungua mfuniko huo hukuti mahali pa diski, unakuta tundu la kaseti. Wakusanyaji wa Japani na Marekani wanaotafuta vitu halisi katika maboksi yake hawangezipa mashine hizi nafasi hata chini ya meza. Kwao neno “bandia” humaliza mjadala. Kwangu mjadala huanzia hapo, kwa sababu mpaka leo sijakutana na mtu aliyekulia Iringa, Njombe au Mbeya katika miaka ya 1990 ambaye utotoni alicheza Famicom ya kweli.

Nilikulia Iringa, mtaa wa Mlandege. Tanzania Bara ilipata kituo chake cha kwanza cha televisheni mwaka 1994, zaidi ya miaka ishirini baada ya Zanzibar, ambako TVZ ilikuwa hewani tangu 1973. Nyumbani kwetu televisheni iliingia mwaka 1996, na kwa muda mrefu matangazo yalikuwa ni chenga tupu zenye sauti ya mtu aliye mbali, hivyo kifaa kile kilitumika zaidi kwa deki ya video, na kwa waliobahatika, kwa gemu. Sisi hatukubahatika. Gemu ya mtaa ilikaa kwa Baba Neema, fundi cherehani, aliyeweka televisheni ya chogo ya inchi 14 nyuma ya cherehani zake na kutoza shilingi 50 kwa mchezo mmoja, yaani mpaka ufe. Aliyeingia bila kusema shikamoo hakupewa padi, hata kama alikuwa na noti ya mia tano mkononi. Tulicheza huku vipande vya vitambaa vikituangukia miguuni, na Baba Neema alikuwa akijua bila kugeuka kwamba fulani amekufa na anajaribu kujiongezea zamu, kwa sababu aliukariri muziki wa kufa wa kila gemu.

Jina Nintendo hatukulijua. Mashine tuliiita gemu, mchezo nao tuliuita gemu, na kilichochomekwa juu yake kilikuwa kaseti, ya njano, yenye picha ya Mario asiyefanana sana na Mario. Kaka yangu mkubwa alikuwa bingwa wa vifaru. Kwa wasiofahamu, gemu ya vifaru ni Battle City ya kampuni ya Namco, ya mwaka 1985, ambamo watu wawili hulinda alama ya tai iliyozungushiwa matofali huku wakiwinda vifaru vya adui, na ina hatua 35 kabla ya kuanza kujirudia. Kaka alizimaliza zote 35 Jumamosi moja ambayo mtaa mzima unaikumbuka, nami nilikuwa mwenzake wa padi ya pili, mwenye kazi moja tu ya kutoipiga tai yetu kwa bahati mbaya. Niliipiga mara mbili.

Ilikuwaje mashine bandia zikatufikia sisi wa nyanda za juu kabla ya zile za kweli? Famicom ilitoka Japani tarehe 15 Julai 1983, na ilipopelekwa Marekani mwaka 1985 kwa jina la NES iliongezewa chipu ya ulinzi, ambayo kazi yake ni kukataa kaseti isiyo na chipu mwenzake. Famicom ya Japani haikuwa na ulinzi huo. Mlango ukabaki wazi, na kampuni ya UMC ya Taiwani ikatengeneza nakala za chipu zake kuu mbili: ile inayofikiri na ile inayochora picha. Kwa chipu hizo mbili, kiwanda chochote chenye mashine ya kumwaga plastiki kiliweza kutengeneza gemu. Zilienea dunia nzima kwa majina tofauti: Warusi walikuwa na Dendy, Wapolandi walikuwa na Pegasus, Afrika Kusini kulikuwa na Golden China. Kwetu nyingi hazikuwa na jina la kudumu. Ninayo moja iliyoandikwa Ending-Man, na nyingine mbili zinazofanana nayo kwa kila kitu isipokuwa maandishi, kama vitenge vya doti moja vilivyokatwa na mafundi wawili.

Jambo lililonifanya nianze kuzithamini kwa dhati mashine hizi linahusu mwendo. Televisheni za Japani na Marekani za wakati ule zilichora picha mara 60 kwa sekunde, na gemu nyingi za Famicom hupima muda wake kwa picha hizo: muziki, mwendo wa kifaru, kasi ya risasi, vyote husogea hatua moja kila picha mpya inapochorwa. Televisheni zetu, kwa mfumo wa PAL, zilichora mara 50. Chipu ya picha ya UMC yenye namba UA6538 ilibuniwa ili mashine itoe picha 50 zinazokubalika na televisheni za PAL, na wakati huohuo iendelee kuzikubali kaseti zilizoandikwa kwa ajili ya picha 60. Matokeo yake ni kwamba kila gemu ilikwenda polepole kwa sehemu moja ya sita. Kwa kuwa chipu ya kufikiri, ambayo ndiyo inayotoa sauti pia, ilibaki karibu na kasi yake ya asili, sauti za muziki hazikushuka kuwa nzito, ila mdundo wake ulipungua mwendo. Muziki wa Mario tulioujua Mlandege si ule anaoujua mtu wa Tokyo. Ni wimbo uleule, lakini wetu unatembea na wao unakimbia.

Nilipoligundua hilo nilikaa kimya kidogo, maana lina uzito wake. Mtu akiniambia leo kwamba niitupe mashine bandia na niweke programu ya kuigiza Famicom kwenye kompyuta, ananiambia nihifadhi utoto wa mtu mwingine. Utoto wangu ulikuwa wa picha 50 kwa sekunde.

Kaseti zenyewe zinastahili maneno yake. Wazo la kutenganisha mchezo na mashine, kiasi kwamba unanunua mashine moja na kubadilisha michezo, lilifika sokoni mwaka 1976 kwa mashine ya Marekani iitwayo Fairchild Channel F, na timu iliyoifanikisha iliongozwa na Jerry Lawson, mhandisi Mmarekani mweusi, aliyefariki mwaka 2011. Huwa nalitaja jina lake kwa kila kijana anayekuja kuangalia kabati langu, na bado hajatokea aliyelisikia kabla. Kaseti za kwetu zina meno 60, thelathini kila upande, sawasawa na za Famicom ya Japani, ilhali zile za NES ya Marekani zina meno 72 na haziingii kabisa. Zile zilizoandikwa “9999999 in 1” ni udanganyifu ambao hata watoto tuliuelewa, lakini tuliusamehe. Ndani yake mna gemu chache tu, pengine tano au kumi, zilizorudiwa mara nyingi kwa majina tofauti, au kwa kukuanzishia hatua ya tatu badala ya ya kwanza. Waliozitengeneza walichagua gemu ndogo, ambazo hazikuhitaji chipu za ziada ndani ya kaseti: Battle City ina kilobaiti 24, na Super Mario Bros. yote, pamoja na falme zake nane, ina kilobaiti 40. Picha moja ya simu yako ya leo ingezimeza mara nyingi. Ndiyo maana sote, tuwe wa Tukuyu au wa Mafinga, tulicheza zilezile za kati ya 1983 na 1986 hata ilipofika 1999: vifaru, Mario, pikipiki za Excitebike, sarakasi za Circus Charlie, na gemu ya kuwinda bata kwa bunduki.

PlayStation zilipoingia vibandani mchezo ukawa mpira, na kaseti zikahamia uvunguni. Uvungu huo ndio shamba langu. Napita kwa mafundi redio wa Soweto na Mwanjelwa, kwa wauza vyuma chakavu wa Uyole, na nikisafiri siachi kuuliza Makambako wala Tunduma, ambako vitu huvuka mpaka vikienda na kurudi bila mtu kujua vilianzia wapi. Nyingi nimezipata majumbani. Mwaka juzi mama mmoja wa Tukuyu aliniletea mashine iliyofungwa ndani ya mfuko wa mbolea, akaniuliza, “Mwanangu, hii takataka unaipeleka wapi?” Nikamwambia naihifadhi. Akanitazama kwa huruma, akaniongezea na mkungu mdogo wa ndizi, kana kwamba mtu wa namna yangu lazima ana njaa. Nikamwambia ndaga fijo, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, akacheka kwa jinsi nilivyolitamka. Nilipoigeuza mashine ile nyumbani, chini yake nilikuta maneno yaliyochongwa kwa ncha ya bikari: UKIIBA UTAKUFA. Ndani yake mlikuwa na mayai ya mende na kipande cha kalamu ya risasi. Maneno yale sijayasugua wala sitayasugua. Nina daftari ambalo kila mashine ina ukurasa wake, na nayaandika yote: ilinunuliwa na nani, kwa hela ya zao gani, ilikaa chumba gani, nani alikuwa bingwa. Ya Tukuyu ilinunuliwa kwa hela ya chai.

Ukifungua mashine hizi utazikuta ni za vizazi viwili. Za zamani zina bodi pana yenye chipu mbili kubwa za miguu 40, na namba zake unaweza kuzisoma kwa kuinamisha taa. Hizo zinatengenezeka, kwani chipu ikifa unaweza kuitoa na kuweka nyingine kutoka mashine iliyokufa kwa sababu tofauti. Za baadaye zina bodi ndogo kama kiganja, na katikati yake tone jeusi la gundi ngumu. Chini ya tone hilo kuna kipande kimoja cha silikoni chenye Famicom nzima ndani yake, kilichounganishwa na bodi kwa nyaya nyembamba kuliko unywele. Likifa tone limekufa, hakuna fundi. Ajabu ni kwamba watu huja wakitaka hizi za tone kwa sababu ganda lake linapendeza zaidi, na mimi huwaachia bila ubishi.

Sasa nije kwenye ile ya kweli, ya kumi na nne. Niliikuta kwa mfanyabiashara mmoja wa mitumba ya Japani, chini ya baiskeli za watoto na chupa za chai, nyeupe iliyogeuka njano kama meno ya mvuta tumbaku, na sehemu zake nyekundu za rangi ya damu ya mzee. Padi zake mbili zimeungwa moja kwa moja kwenye mashine, na ile ya pili ina kipaza sauti kidogo, kitu ambacho bandia zetu nyingi zilikiacha. Nilinunua kwa shilingi elfu ishirini na tano, nikarudi nyumbani mikono ikitetemeka. Na kwa mikono hiyohiyo nikafanya kosa ambalo ningemgombeza mtoto yeyote: nikachomeka adapta yake ukutani bila kusoma. Adapta ile ni ya volti 100 za Japani, ukuta wangu ni wa volti 230. Haikutoa hata mlio, ilitoa harufu tu, ile harufu ya vanishi inayoungua, na sebule nzima ikanuka mpaka jioni. Bahati yangu ilikuwa kwamba adapta ilikufa kabla haijapitisha madhara yake kwenye mashine.

Nikatafuta adapta ya volti 9 ya mkondo mnyoofu. Hapa niwape tahadhari wenzangu: adapta nyingi za mitaani siku hizi zina chanya katikati ya ncha, na Famicom inataka hasi katikati, hivyo inabidi ukate waya na kuugeuza, kisha upime kwa mita kabla ya kuchomeka, na upime tena. Nikapima mara tatu. Nikachomeka kaseti ya njano ya Mlandege, kwa kuwa meno 60 ni meno 60, nikawasha, taa haikuwaka kwa sababu Famicom haina taa, na televisheni ya chogo niliyoizungusha chaneli zote, kuanzia mwanzo hadi mwisho, ikanionyesha chenga. Nikaanza upya. Chenga. Nikaamini nimeiunguza.

Kutoka jikoni mama yangu, anayekaa nasi tangu baba atutoke, akaita, “Wewe, mbona redio yangu imeanza kupiga kinanda?” Alikuwa amezungusha kitufe cha redio akitafuta stesheni, na mahali fulani kati ya 95 na 96 akakutana na muziki. Nilipoingia nilimkuta ameishika redio mbali na sikio, na ndani yake, kwa sauti kavu lakini safi kabisa, ulikuwa muziki wa kuanzia vifaru.

Ilinichukua siku mbili kuelewa. Famicom hutoa picha na sauti kwa njia ya mawimbi, kama kituo kidogo cha televisheni, kwenye chaneli ya 1 au ya 2 ya Japani. Chaneli hizo ziko kati ya megahezi 90 na 102, eneo ambalo kwetu ni la redio za FM na ambalo televisheni yangu hailisikilizi kabisa. Sauti ya chaneli ya 1 huwa kwenye 95.75, na husafirishwa kwa mtindo uleule wa FM, ndiyo maana redio ya mama iliikamata bila kuombwa. Kwa hiyo mashine ilikuwa nzima, ikitangaza vizuri, nyumbani mwangu, kwa nchi nyingine. Bandia ya shilingi chache, iliyotengenezwa na mtu asiyejulikana, ilijua televisheni za Iringa zikoje. Ya kweli haikujua, na kwa nini ingejua? Haikutengenezewa sisi.

Suluhisho ni kuiwekea njia ya AV, yaani kuchukua picha moja kwa moja kutoka mguu wa 21 wa chipu ya picha, kuipitisha kwenye transista na rezista chache, na kuitoa kwa waya wa njano. Kazi hiyo ilifanywa na mzee mmoja fundi redio wa Mafiati ambaye nisingethubutu kumwita kwa jina lake, namwita Mzee na yeye ananiita bwana mdogo ingawa nina mvi. Alikataa kuanza mpaka nimweleze mashine inatoka wapi na nani aliicheza, nikaona kwamba daftari langu lina mwenzake. Televisheni nyingi za chogo za mwisho, zile za mwishoni mwa miaka ya 1990, hupokea mifumo yote miwili, wetu wa PAL na ule wa Japani, kupitia AV, kwa hiyo picha ilitoka na rangi zake kamili.

Televisheni ya chogo yenyewe ni nusu ya mkusanyiko, na watu wanaitupa. Matangazo ya analojia yalipoanza kuzimwa nchini mwishoni mwa 2012 wengi waliona ndiyo sababu ya kununua flati, na chogo zikaenda kwa wauza chakavu wanaozivunja kwa ajili ya shaba. Anayetaka kuelewa hasara hiyo ajaribu gemu ya bata kwenye flati. Unapovuta kifyatulio, gemu huifanya skrini nzima kuwa nyeusi kwa picha moja, kisha huchora kisanduku cheupe mahali alipo bata, na jicho lililo ndani ya bunduki hutazama kama limeona mwanga wakati huohuo. Chogo huchora papo hapo. Flati huichukua picha, huichakata, halafu huionyesha kwa kuchelewa, na wakati huo gemu imeshaamua kwamba umekosa. Mbwa wa ndani ya gemu anakucheka na kosa si lako. Lakini anayehifadhi chogo asiifungue hovyo, kwani bomba lake huhifadhi umeme wa volti 20,000 na zaidi, tena hata baada ya kuchomoa waya.

Adui mwingine ni hewa yetu. Kuanzia Novemba mpaka Aprili nguo hazikauki, na meno ya kaseti hushika ukungu wa kijani. Sote tulizoea kupuliza kaseti isipowaka, na sote tuliapa kwamba inasaidia. Kinachosaidia ni kuichomoa na kuichomeka upya, kwa kuwa meno hupata mahali pengine pa kugusana. Mate yenyewe huleta kutu, na nyingi ya kaseti nilizozipokea zimeliwa na pumzi za watoto. Nasafisha kwa pamba ya masikio na spiriti, ile yenye maji machache kadiri inavyopatikana, kisha naiacha ikauke saa kadhaa. Raba ya shule inang'arisha haraka, nakiri, lakini inaondoka na madini yenyewe, kwa hiyo naitumia kwa kaseti iliyokwisha kata tamaa tu. Kwenye masanduku naweka vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu, na marafiki zangu wote wameshazoea kunitunzia.

Kuhusu kununua kwa njia ya simu sina mengi. Nilitumiwa picha ya mashine kuukuu yenye kaseti mbili, nikatuma hela, na basi likaniletea boksi jepesi lenye kigemu kipya cha gemu 620 ndani yake, kisicho na hata tundu la kaseti. Bandia ya bandia. Muuzaji hakupokea simu tena. Tangu siku hiyo sinunui nisichokishika, maana uzito wa bodi pana mkono unaujua.

Desemba iliyopita kaka alikuja kutoka Iringa. Nilimkalisha mbele ya Famicom ya kweli, AV ya Mzee, kaseti ya njano, nikamkabidhi padi ya kwanza bila kumweleza lolote. Hatua ya pili alikufa. Hatua ya tatu alikufa tena, akaiangalia padi, akafuta mikono kwenye suruali. “Hii umeiharibu,” akaniambia. “Inakimbia.” Nikamwambia hii ndiyo halisi, yenyewe kutoka Japani, na ndivyo inavyotakiwa kwenda. “Basi Wajapani wana haraka,” akasema, “niwekee ya kwetu.”

Nikatoa Ending-Man, nikaunga kwenye chogo ya inchi 14. Muziki ulipoanza, kwa ule mwendo wake wa kutembea, mama alicheka kutoka jikoni akauliza kama ni redio yake tena. Kaka hakujibu. Saa sita usiku alikuwa hatua ya ishirini na moja, tai ikiwa nzima, nami nikiwa kwenye padi ya pili nikilinda upande wa kushoto kwa uangalifu mkubwa.